Betri Isiyozeeka

Kasoro ya kwanza haikuwa kwenye gari. Ilikuwa uani.

Watoto watatu wa mwenye gari walikuwa wakicheza mpira, na mpira ulisikika vizuri tu, du, du, ukigonga ukuta. Wao hawakusikika. Mmoja alifunga bao, akarusha mikono juu, akaachama mpaka magego yakaonekana, na ukelele haukutoka. Mwingine alianguka akachubuka goti. Akalishika, akakunja uso, machozi yakamtiririka mpaka kidevuni, kimya kabisa.

"Watoto hawa wana nini?" Mama Kasuku akamuuliza mumewe langoni.

"Wana adabu," mumewe akajibu. "Huwezi kuitambua, kwako haijawahi kufika."

Ni kweli haikuwahi kufika. Mama Kasuku alikuwa mshonaji wa sare za shule, na mtaani kwao walisema cherehani yake ina breki lakini mdomo wake hauna. Binti yao wa pekee alirithi mdomo huo. Alikuwa na miaka minane, na jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa limesahauliwa na mtaa mzima. Aliitwa Kasuku kwa sababu aliongea toka anapofumbua macho mpaka anapoyafumba, na mara nyingine hata baada ya hapo. Mtu akitaka kujua kama Kasuku anaumwa, hakumgusa paji la uso. Alisikiliza.

Baba mtu alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa kuzunguka nyumba za watu toka asubuhi, na pikapu yake ilikuwa inakunywa petroli kama mlevi anayenunuliwa pombe na wenzake. Mtu mmoja akamwambia habari za magari ya haibridi, yanayotembea kwa petroli na betri. Tangu siku hiyo hakulala, hakula vizuri, akawa anataja neno haibridi kama kijana anavyotaja jina la mchumba.

Kwa hiyo walikuwa hapo langoni, wao wawili na fundi umeme wa magari aliyeitwa Mita, kwa kuwa hakuonekana popote bila kipimo chake cha umeme shingoni.

Mwenye gari akatoka na shati lililopigwa pasi. Akawasalimu kwa kunong'ona. Haikuwa minong'ono ya mwenye siri. Alinong'ona kama mtu ambaye nyumba yake ina mgonjwa amelala chumba cha pili.

"Karibuni. Lile pale. Limetembea kilomita laki tatu na ishirini elfu. Sikurudisha nyuma hata moja."

Mama Kasuku akamkata mumewe jicho. Muuzaji anayekuambia ubaya kabla hujauliza, ujue kuna ubaya mwingine ameukalia.

Mita akaanza kazi. Aliangalia mpira wa pedali ya breki, umelika. Akashika usukani, ngozi yake imeng'aa kwa viganja. Akabonyeza kiti cha dereva, kimebonyea. "Vyote vinalingana na mita," akasema. "Gari likikuambia limetembea kidogo na pedali ikasema mengine, amini pedali. Hili halijadanganya." Akanyanyua zulia, akanusa chini yake kutafuta harufu ya maji ya mafuriko. Akafunua boneti, akagusa injini kwanza kwa kiganja. Alitaka kuikuta baridi, maana anayekukaribisha kwa injini iliyokwisha kupashwa moto ameficha namna inavyoamka. Akachungulia maji ya rejeta, akatazama oili. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na Mita aliinama mpaka shati likamchomoka suruali.

"Sasa betri kubwa," akasema akijifuta magoti. "Iko chini ya kiti cha nyuma. Kwenye haibridi hapa ndipo roho ilipo. Ikifa, umenunua kabati lenye matairi."

Akachomeka kikompyuta chake chini ya usukani. Akasoma. Akakichomoa, akakichomeka tena.

"Nini?" baba Kasuku akauliza.

"Umebadilisha betri?" Mita akamuuliza mwenye gari.

Mwenye gari akatikisa kichwa. "Ni ile ile iliyokuja nayo."

"Haiwezekani. Betri hii imegawanyika vyumba vyumba. Kwa safari zote hizi vingekuwa kama meno ya kizee, hiki kinacheza, kile kimeoza. Hivi vyote sawa. Vyote vimejaa."

"Basi ni kizee chenye meno thelathini na mawili," akasema Mama Kasuku. "Ungekuwa wewe, ungemwoa?"

"Ningemtembeza watu wamwone!" Mita akacheka, na baba Kasuku akacheka naye, na hapo mshonaji akajua ameshindwa, maana wanaume wawili wakichekea gari pamoja, gari limeshanunuliwa.

Ubavuni mwa kiti cha nyuma, upande wa kushoto, palikuwa na tundu la ukubwa wa kiganja lililozibwa kwa wavu wa plastiki. Mita akaeleza kwamba ndani yake mna feni inayovuta hewa ya humu ndani ya gari kwenda kuipoza betri. Chujio lake hujaa vumbi na nywele za abiria, na wengi hawajui hata kwamba lipo. Akalichomoa. Lilikuwa safi kama sahani iliyolambwa.

Mwenye gari, ambaye muda wote alisimama mbali, akasogea hatua mbili.

"Tundu hilo msilizibe," akanong'ona. "Msiweke begi hapo, msiweke nguo. Kamwe."

"Anasema kweli," Mita akaunga mkono. "Likizibwa, betri inaungua."

Mama Kasuku hakuwa anatazama tundu. Alikuwa anamtazama mwenye gari. Kila alipolikaribia lile tundu, alijiziba mdomo kwa kiganja, kama mtu anayepita kwenye vumbi. Na vumbi halikuwepo.

"Kwa nini unaliuza?" akamuuliza.

Mtu yule akageuka kuwatazama wanawe. Mpira ulikuwa bado unagonga ukuta.

"Watoto hawalipendi tena," akasema.

Walirudi nyumbani nalo. Liliondoka bila kuunguruma, likateleza barabarani kama kitu kinachonyemelea, na mbwa waliolala kando ya njia waliamka lilipokwisha kuwapita. "Sikia!" baba Kasuku akasema kwa furaha. "Husikii kitu!" Mkewe akamwambia hicho kitu asichokisikia ndicho kinachomtisha. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mumewe akamjibu kwamba methali haziendeshi gari.

Kasuku alilipenda. Alichagua kiti cha nyuma kushoto, penye tundu, kwa sababu hewa iliyovutwa kuingia mle ilimtekenya nywele. Kila asubuhi baba alimpeleka shule kisha akaenda kwenye majokofu yake, na siku za kupeleka sare mama naye aliketi mbele, mzigo mapajani. Hivyo ndivyo alivyogundua kwamba mtoto haongei na wao. Ameinamisha kichwa pembeni, mdomo karibu na ule wavu, anasimulia.

"Unaongea na nani wewe?"

"Na gari. Namsimulia yule mbuzi aliyekula daftari la mwalimu. Mama, linasikiliza! Nikifika pazuri linavuta pumzi."

"Ni feni," baba akasema.

"Feni inajua pazuri?" mama akauliza.

Kwenye dashibodi palikuwa na kipicha cha betri chenye vistari vinane. Mita alikuwa amewaeleza: mkipanda mlima vitapungua, mkishuka vitaongezeka, gari likiwa zima ndivyo linavyofanya. Kwenda shule kulikuwa na mlima mrefu. Jumatatu moja, mlimani, Kasuku akawa anaimba, na Mama Kasuku akaona vistari vinapanda. Vinne. Vitano. Sita.

"Nyamaza kidogo," akasema bila kugeuka.

Kasuku akanyamaza. Vitano. Vinne.

"Haya imba."

Vitano. Sita. Saba.

Akamnyamazisha na kumwimbisha mara tatu kabla hawajafika kileleni, na mara zote tatu gari likatii kama mbwa anayeonyeshwa mfupa.

"Ni kompyuta," mumewe akasema. Jasho lilikuwa linamtoka ingawa madirisha yalikuwa wazi. "Magari haya yana akili."

"Najua yana akili. Nauliza ni ya nani."

Jioni hiyo alichukua kipande cha kaki kilichobaki kwenye suruali za darasa la nne, akakikunja mara nne, akakisokomeza tunduni. Kesho yake taa nyekundu ikawaka dashibodini, gari likagoma katikati ya barabara, na baba Kasuku akarudi nyumbani ameshika kile kitambaa mkononi kama aliyeshika nyoka kwa mkia.

"Tuliambiwa lisizibwe! Fundi kasema, mwenyewe kasema! Unataka tuungue?"

Ugomvi wao ulifika nyumba ya tano. Aliyeshinda ni yule mwenye ushahidi wa fundi. Tundu likaachwa wazi.

Kilichoanza kupotea kwa mtoto ni kelele. Alikuwa na mluzi mkali wa kuwaitia wenzake, ukapotea. Kisha nyimbo zikamwishia katikati, akawa anatafuta mstari unaofuata huku mdomo umefunguka, kama mtu aliyefika chumbani akasahau alichofuata. Wiki ya tatu alikuwa na sauti nyembamba kama uzi wa kushonea vifungo. Mama yake akakataa asipande tena lile gari, akamtembeza shule kwa miguu siku mbili. Siku ya tatu mvua ikanyesha, mama ana sare arobaini za kumaliza, na baba akasema, "Mvua yote hii, mtoto ana kifua tayari! Nampeleka na kumrudisha, mara moja tu."

Alimrudisha saa saba mchana. Kasuku akashuka, akakimbilia cherehani, akafungua mdomo amwambie mama yake jambo, uso wote umejaa lile jambo, mikono inalieleza tayari, na mdomoni hakukutoka hata pumzi yenye umbo. Akajaribu tena. Akajishika koo. Kisha akalia namna ile ile waliyoiona uani kwa watu, machozi mpaka kidevuni, kimya kabisa.

Daktari alimulika koo lake, akamwambia aseme aaa, akatazama kwa chombo chenye kioo. "Koo zima," akasema. "Hakuna uvimbe, hakuna kidonda. Kila kitu kipo mahali pake."

"Isipokuwa sauti," akasema Mama Kasuku.

"Isipokuwa sauti," daktari akakubali, akaandika dawa ya kikohozi.

Baba Kasuku akampigia simu yule aliyewauzia gari. Ilipokelewa, ikasikika pumzi tu, ikakatwa. Baada ya dakika mbili ukaja ujumbe. *Naomba radhi. Niliwaambia watoto hawalipendi.* Akasoma mara kadhaa, akaketi kwenye ngazi ya mlango, na kwa mara ya kwanza tangu aoe hakumbishia mkewe neno.

Wakamwita Mita. Alikuja mchana jua likiwaka, akachomeka kikompyuta chake, akafungua mlango wa nyuma, akapiga magoti pale kwenye tundu ili asikilize feni. Joto la mchana huikimbiza feni ya betri, kwa hiyo ilikuwa inavuma. Akasikiliza. Uso wake ukabadilika rangi polepole kutoka shingoni kwenda juu. Akainuka, akafungasha, akaenda zake bila kuaga, na kipimo chake alichokivaa miaka yote kilibaki kimening'inia kwenye kitasa cha mlango.

Mama Kasuku akapiga magoti mahali pale pale. Kwanza alipata harufu, harufu ya mdomo wa mtu aliyeamka sasa hivi, mzito wa usingizi, na ilikuwa inatoka penye tundu ambalo kazi yake ni kuvuta. Kisha, chini ya mvumo wa feni, mbali kama mtu aliye kisimani, akamsikia mwanawe akisimulia habari za mbuzi aliyekula daftari la mwalimu, kwa furaha, neno kwa neno, na nyuma ya mwanawe watoto wengine wakisimulia yao, na nyuma yao watu wazima, wanaume kwa wanawake, wengine kwa lugha asizozijua, wote kwa pamoja na hakuna anayemsikiliza mwenzake, na kila walipofika mahali pazuri palisikika kitu kikimeza.

Hakupiga kelele. Aliufunga mlango kwa upole kama anavyofungiwa mgonjwa, akaenda kumtafuta Mama Mitumba.

Mama Mitumba aliuza nguo zilizokwisha kuvaliwa, marobota mawili kibarazani, na wenye matatizo ya majini walimfuata hapo hapo. Hakuvaa hirizi, hakuvaa chochote cha kutisha isipokuwa miwani iliyofungwa kwa waya. Alisikiliza huku akitafuta vifungo vilivyopungua kwenye mashati.

"Kila kilichotumika kina mtu," akasema. "Wengi ni wapole, ukifua wanatoka. Huyo wenu ni mlafi wa sauti. Anapenda tamu. Nyimbo, hadithi, vicheko vya watoto."

"Tuliuze gari," baba Kasuku akasema. "Leo hii. Kwa yeyote."

"Likiondoka, linaondoka na alichokula. Yule aliyewauzia aliuza na sauti za wanawe humo. Nadhani sasa ameshajua." Akakata uzi kwa meno. "Mkimnyima, atasaka jirani. Dawa yake ni kutapishwa."

"Kwa kitu gani?"

Mama Mitumba akamtazama Mama Kasuku toka ushungi mpaka kandambili. "Wewe ndiye unayegombana na mumeo mpaka watu wanahamisha watoto dirishani?"

"Ndiye," mumewe akajibu haraka.

"Basi dawa unayo. Sauti tamu anaimeza. Matusi yana miba. Wale wa kwanza walikuwa watu wastaarabu, nadhani hawajapata kufokeana hata siku moja, wakaliwa mpaka wakaisha. Mwingie mchana kweupe, feni ikivuta kwa nguvu, umlishe ukweli wake mpaka ashindwe. Utaumia koo, lakini wewe ni mtu mzima." Hapo akaacha vifungo. "Sasa sikilizeni, mtoto lazima awepo pale tunduni. Zikitoka zitakuwa nyingi, na zina njaa ya midomo. Afumbe. Asikie zinapita, afumbe tu, mpaka aisikie yake. Hapo ndipo afungue."

"Nimfunge kitambaa?"

"Mdomo uliofungwa haupokei. Afumbe mwenyewe."

Kesho yake saa saba mchana waliingia. Baba alisimama nje akishika mlango kwa mikono miwili. Kasuku aliketi penye tundu lake, midomo ameibana mpaka imepauka, macho yamemtoka. Mama Kasuku akaketi kando yake, akavua kandambili, akakunja miguu kitini. Akainama katikati ya viti vya mbele, akawasha gari. Halikuunguruma. Feni ikaanza kuvuta.

"Habari za mchana, mla makombo," akaanza.

Vistari vilikuwa vitatu.

"Nasikia wewe ni jini. Jini gani wewe? Wenzio wana mapango, wana majumba, wana chemchemi. Wewe umepanga chini ya makalio ya watu! Miaka yote hii kila anayejamba anakujambia wewe, na kodi bado unadaiwa!"

Vinne. Vitano. Feni ikaongeza mwendo.

"Unakula vya watoto kwa sababu wakubwa unawaogopa. Umekula watu wa adabu, wasiojua kupaza sauti, ukajiona simba. Simba wa wapi? Paka wa jikoni ana heshima kuliko wewe, akiiba samaki anakimbia! Wewe umeiba umekaa hapo hapo unacheua. Umeshiba vijiji vizima na huna hata tumbo la kuonyesha, huna sura, huna jina, mama yako angekuona angesema huyu si wangu, nilibadilishiwa!"

Sita, saba, vinane, na vilipojaa vyote injini ya petroli ikaamka yenyewe kwa mngurumo ambao gari lile halikuwahi kuutoa, ikiteketeza kisichokuwa na pa kukaa, na viti vikatetemeka, na Mama Kasuku akahisi kila neno linalotoka linakokotwa kooni kwake kwa ndoana na kuacha mkwaruzo, lakini hakunyamaza, alipaza zaidi, akamtukana kwa ulafi, akamtukana kwa uvivu, akamtukana kwa harufu ya mdomo wake, akamwambia kwamba hata betri anayojificha humo ni ya kuazima, mpaka sauti ikamkauka ikawa kama msumeno kwenye bati, na hapo ndipo hewa ya tundu ilipogeuka.

Ikawa haivuti. Ikawa inapuliza.

Ilipuliza moto, na harufu ile ya mdomo ikajaa garini, na sauti zikaanza kutoka. Zilipita nyusoni mwao kama popo wanaotoka pangoni, mwanamume akihesabu, bibi akiita kuku, watoto wale watatu wa uani wakishangilia bao kwa pamoja, zikapita dirishani na kwenda zao, na Kasuku amebana midomo, anatikisa kichwa, si hii, si hii, mikono imekamata kiti, na mama yake akamwona anaweza, anaweza kabisa, zimebaki chache, na huko chini kabisa wakasikia wote wawili ile hadithi ya mbuzi ikipanda kuja juu.

Hapo Mama Kasuku angenyamaza. Kila mtu mtaani alimwambia hivyo baadaye, kana kwamba yeye hajui. Lakini mtu aliyeishi miaka arobaini na ulimi hauachi siku anayoshinda.

"Tapika!" akafoka. "Tapika yote, na ukimaliza uchukue tambara ufute, nyumbani kwangu hakuna mtumishi!"

Na Kasuku akacheka.

Alicheka kama alivyokuwa akiyacheka maneno ya mama yake tangu yuko mgongoni, kichwa nyuma, mdomo wazi wote, bila sauti. Kitu kikaingia. Mama Kasuku aliona koo la mtoto likipanda na kushuka mara moja, kama la mtu aliyemeza tonge kubwa. Mara ile ile sauti ya Kasuku, ile yenyewe, nyembamba na yenye haraka, ikafika tunduni, ikakuta mdomo wenye mtu, ikagonga kioo cha mbele, ikatoka dirishani. Baba aliisikia ikimpita sikioni. Waliisikia juu ya mabati ya nyumba ya jirani, kisha juu ya nyumba ya pili, inaita, "Mama! Mama!", inaelekea barabara kuu, na haikurudi.

Gari likazimika. Vistari havikuwepo. Baadaye vijana wa vyuma chakavu waliofungua betri walisema ilikuwa imeoza vyumba vyote, kama betri ya kilomita zile.

Kwenye kiti cha nyuma Kasuku akajishika koo, akakohoa.

"Mama," akasema. "Umenichekesha."

Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, nzito kidogo, ya mtu aliyezaa.

Mama Mitumba aliitwa, akamsikiliza mtoto, akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu. "Imeingia, imekaa," akasema. "Sina cha kuitoa bila kutoa na yeye." Akamfungia Kasuku gauni la maua, zawadi, akaenda zake.

Siku ziliendelea, maana huwa haziulizi. Kasuku akarudia kuongea toka alfajiri. Mwanzoni shuleni walimcheka, kisha wakamzoea, mwalimu mmoja tu ndiye aliyesimama kila mtoto alipomsalimu. Baba alianza tena kutumia pikapu na alipenda kelele yake. Kila kitu kilirudi mahali pake, alisema, na alisema mara nyingi sana.

Mama Kasuku alikuwa akimwogesha mtoto na kumkagua. Kovu la goti lilikuwepo. Jino lililovunjika kwa embe bichi lilikuwepo. Alimuuliza mambo ya siri ya wao wawili, alichokificha chini ya kabati, nani alimwaga wanja, na mtoto alijibu yote sawasawa kwa ile sauti ya mtu mwingine, bila kusita hata mara moja. Kasuku wa zamani alikuwa akisita. Alikuwa akidanganya kwanza.

Alasiri moja alimsikia anaimba peke yake, anamkunjia mwanasesere kanga. Ulikuwa wimbo wa kubembelezea mtoto, na hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuuimba.

"Nani kakufundisha huo?"

"Hakuna. Unakuja tu." Mtoto akampigapiga mwanasesere mgongoni, polepole, kwa mkono unaojua kazi. "Nikiuimba namkumbuka mtoto. Simjui, mama, lakini namkumbuka sana."

Sindano ya Mama Kasuku ilikuwa imesimama hewani.

"Usiniangalie hivyo," Kasuku akasema. "Ni mimi."

"Nani kasema si wewe?"

"Hujasema." Ile sauti ya kikubwa haikuwa na hasira. Ilikuwa na subira, ambayo mwanawe hakuwahi kuwa nayo. "Ila siku hizi hunipi kisogo."

Mama Kasuku akatia uzi sindanoni. Cherehani alikuwa ameihamisha tangu juzi. Sasa ilitazama chumba kizima, na mgongoni kwake ulikuwepo ukuta.